Kielekezi Kisichotulia

Kila aliporudi kutoka shuleni, Nahiara Bentancor alivua koti lake jeupe la shule, akafungua utepe mpana wa buluu uliokuwa shingoni, na kuvitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala ili visishike harufu ya jikoni. Kisha alikula chakula alichowekewa, akaifuta meza na kuiweka kompyuta yake hapo. Upande wa pili wa meza alikaa bibi yake, Bibi Delfina, na kibuyu chake cha yerba, majani yanayotiwa maji moto kama chai. Alivuta kinywaji hicho kichungu kwa mrija wa chuma, akaongeza maji moto kutoka kwenye chupa, akavuta tena, wala hakuacha mpaka majani yalipoisha ladha.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, na Agosti mjini Paso de los Toros, kusini mwa dunia, ni mwezi wa baridi. Upepo ulipanda kutoka mtoni ukapenya chini ya milango. Jiko la kuni liliwashwa tangu asubuhi, na Ciro, mdogo wake Nahiara mwenye umri wa miaka sita, alicheza na vigari vyake sakafuni karibu na moto. Mama yao alikuwa mpishi wa shule, akirudi alasiri. Baba yao aliendesha lori la magogo. Walimwona mwisho wa juma tu.

Kompyuta ilikuwa ya shule. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alikuwa amekabidhiwa ya kwake, na hii ya Nahiara ilikuwa imepitia mikono mingi kabla ya kumfikia. Ilikuwa imechubuka pembeni, na herufi nyingine zilikuwa zimefutika. Hata hivyo aliipenda, maana tangu aipate alikuwa amegundua kwamba anaweza kuandika. Mwalimu wao, Mwalimu Mirta, alikuwa amewaagiza wamtafute mzee wa familia, wamsikilize, kisha waandike alichowasimulia. Hadithi bora ingesomwa mbele ya wazazi wote siku ya sherehe ya shule.

Nahiara hakuhitaji kutafuta mbali. Bibi Delfina alikuwa msichana mdogo mwaka ule wa mafuriko makubwa, mto ulipofurika hadi watu wote wa mji wakapakiwa kwenye treni na kuondoshwa. Alieleza jinsi ng'ombe walivyoelea, jinsi baba yake alivyobeba cherehani kichwani huku maji yakimfika kiunoni, na jinsi behewa lilivyonuka sufu iliyolowa. Siku moja, akiwa amezama katika kumbukumbu hizo, akamtaja pia dada yake Elvira. Elvira alipata homa ndani ya treni ile, akafariki dunia kabla familia haijaruhusiwa kurudi nyumbani. Kisha bibi akamwambia Nahiara kwamba mambo ya Elvira asiyaandike. Nahiara akamwahidi.

Lakini yeyote anayependa kuandika anajua moyo wa hadithi uko wapi. Baada ya siku chache Nahiara aliichukua kompyuta, akajifungia chumbani, akapanda kitandani, akajifunika blanketi pamoja na kompyuta na waya wake wa chaji, akaanza kuandika habari za Elvira. Mama alikuwa amemkataza mara nyingi asiende na kompyuta kitandani. Alisema mashine nayo hupumua, na ukiifunika unaipandisha homa. Nahiara alijua. Ila chini ya blanketi, joto lile la mashine juu ya mapaja yake lilikuwa zuri mno kwa baridi ile.

Siku hiyo ndipo kilipoanza kuruka.

Ukiandika kwenye kompyuta, kuna kijistari chembamba kinachopepesa. Kinaitwa kielekezi, na kila herufi unayobonyeza huangukia pale kilipo. Nahiara aliandika, "Elvira alikuwa akitetemeka kwa baridi." Alipoinua macho kusoma, alikuta mstari umeishia "Elvira aliku", na maneno yaliyobaki yamepanda juu yakajichomeka katikati ya sentensi ya jana: "Treni ilijaa watu na wa akitetemeka kwa baridi mizigo." Alifuta, akaandika upya. Kielekezi kikatulia kwa neno moja au mawili, halafu kikaruka tena kikatua aya tatu juu. Alipoondoa vidole vyote kwenye mashine, akaitazama bila kuigusa, kile kishale cheupe cha kuonyeshea kilisogea chenyewe polepole kikaenda kusimama juu ya jina la Elvira.

Nahiara akaifunga kompyuta.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimweleza Lautaro, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja. Hakumwambia alichokuwa akiandika, bali alimweleza jinsi kielekezi kinavyoruka na kishale kinavyotembea peke yake. Lautaro alikuwa mtu wa mzaha. Akashusha sauti na kukunja uso.

"Kuna mtu ameingia humo, Nahi. Yuko mahali fulani, mbali, anaisukuma kompyuta yako kama gari la kuchezea. Na kama anaweza kuisukuma, basi anakuona pia, kupitia hiyo kamera."

"Acha upuuzi wako."

"Sawa, upuuzi. Lakini usichane nywele mbele yake."

Wenzao wakacheka, Nahiara naye akajitia kucheka. Aliporudi nyumbani alibandika plasta ya vidonda juu ya kamera. Kielekezi kikaruka. Akaukata mtandao kabisa, akijua kwamba mtu wa mbali hawezi kupita pasipo njia. Kielekezi kikaruka vilevile, tena kikafanya zaidi: kiliteua mstari mzima, na alipobonyeza herufi moja mstari wote ukafutika. Ulikuwa mstari wa Elvira.

Alivuta pumzi. Kama si mtu wa mbali, basi ni nani? Alikumbuka uso wa bibi yake siku ile alipomwomba asiandike. Alijua fika kwamba wafu hawana kazi na kompyuta, na lau Lautaro angesema neno kama hilo angemcheka. Lakini kujua ni jambo moja, na kukaa peke yako chumbani ukitazama kishale kinachojiendea chenyewe ni jambo jingine. Kuanzia siku hiyo hakuweza kusikia mlango ukilia bila kugeuka. Alikataa kwenda peke yake kuchukua kuni bandani. Usiku alimwomba Ciro walale kitanda kimoja, akisingizia baridi.

Mwisho alimwendea Lautaro tena, na safari hii Lautaro aliona kwamba rafiki yake amekonda uso kwa hofu. Akaacha mzaha. Alimweleza kwamba huenda kidole gumba chake kinagusa kile kibao laini kilichoko chini ya herufi, kile cha kusogezea kishale, bila yeye kujua. Ukikigusa hata kidogo tu, kielekezi huruka. Akamfundisha kuinua viganja anapoandika. Akamwonyesha pia namna ya kukizima kibao kile, na akamwazima kipanya chake cha waya akitumie badala yake.

Ajabu ni kwamba ilisaidia. Kibao kilipozimwa, kielekezi kilitulia kama maji ya mtungini. Nahiara aliandika jioni nzima bila neno kuruka. Aliona aibu kwa hofu zake zote, akachekea moyoni, na usiku ule akalala fofofo.

Lakini kuna maumivu yanayonyamaza huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Baada ya siku chache, kitufe kirefu cha kuachia nafasi kikaanza kuwa kigumu, kana kwamba kuna kitu chini yake kinachokisukuma juu. Halafu herufi k ikajiandika yenyewe, ikajaza mstari mzima kabla Nahiara hajaiwahi. Alipoiweka kompyuta mezani, ilitikisika kama kiti chenye mguu mfupi. Akapiga magoti aitazame kwa ubavu. Kile kibao laini, ambacho siku zote kilikuwa sawasawa na mwili wa mashine, kilikuwa kimetuna. Kilikuwa kimeinuka katikati kama kifua cha chura, na pembeni yake palikuwa na ufa mwembamba ambao zamani haukuwapo. Alipojaribu kuifunga kompyuta, mfuniko haukufika chini.

Nahiara alikaa sakafuni, akaitazama kwa muda mrefu. Sasa hofu yake ilikuwa na sura nyingine. Hakuwaza tena mtu wa mbali wala mfu. Aliwaza joto la chini ya blanketi na waya wa chaji uliochomekwa tangu jioni hadi asubuhi. Alimkumbuka mama na maneno yake kuhusu homa. Mwalimu Mirta alikuwa amesema, mbele ya darasa zima, kwamba yeyote mwenye tatizo la kompyuta ampelekee mapema. Ila wanafunzi walikuwa na maneno yao wenyewe: kwamba kompyuta ikichukuliwa kutengenezwa hairudi mpaka mwaka wa shule uishe, na aliyeiharibu hapewi nyingine. Na ndani ya ile ya kwake ilikuwamo hadithi nzima, pamoja na ile sehemu aliyoahidi kutoiandika. Mwalimu angeifungua. Angesoma. Na Mwalimu Mirta alikuwa jirani yao, aliyekunywa yerba na bibi kila Jumapili.

Akaamua kuinyoosha mwenyewe. Alichukua pasi ya zamani ya bibi, ile ya chuma iliyokuwa ikitiwa makaa, nzito kama jiwe la mto, akaisukuma kompyuta chini ya kitanda cha Ciro, akaiweka pasi juu yake. Kompyuta ilikuwa ikikataa kuwaka siku hiyo, kwa hiyo akauchomeka waya wa chaji, akidhani ina njaa ya umeme tu. Halafu akateremsha shuka mpaka sakafuni ili mtu asione.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ciro alikuwa ameamka na kikohozi na joto la mwili, mama akaamuru abaki nyumbani. Nahiara aliporudi kutoka shuleni, koti la mvua likichuruzika maji, alimkuta bibi jikoni akikanda unga wa mikate ya kukaanga, maana katika mji ule hakuna anayeiacha siku ya mvua ipite bila mikate hiyo. Ciro alikuwa amelala chumbani. Nahiara akaenda kutundika koti lake jeupe nyuma ya mlango.

Akasikia harufu. Haikuwa ya mafuta wala ya unga. Ilikuwa tamu, kali kidogo, kama ile dawa ambayo mama yake hutumia kufutia rangi ya kucha. Akainama, akapandisha shuka, akaingiza mkono chini ya kitanda. Pasi ya chuma, ambayo siku zote huwa baridi kama barafu, ilikuwa na joto. Akaigusa kompyuta pembeni kwa ncha ya kidole, akautoa mkono upesi.

Juu yake, Ciro alikoroma polepole kwa pua iliyoziba.

Nahiara alisimama katikati ya chumba. Ukimwuliza leo atakwambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote, na kwamba aibu yake ni hii: kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua dirisha ili harufu itoke. Kisha alikwenda jikoni, akakaa mezani, akaanza kupanga mikate kwenye sahani. Bibi alimtazama, akamwuliza kama naye ameambukizwa, mbona amepauka hivyo. Nahiara akajibu kwamba ni baridi tu. Bibi hakuridhika na jibu hilo, lakini mafuta yalikuwa yanachemka, akageukia kikaango.

Kutoka chumbani Ciro aliita kwa sauti ya usingizi.

"Nahi. Kitanda changu kinanuka peremende."

Mkate ulimponyoka Nahiara mkononi. Akainuka, akamshika bibi yake kiwiko.

"Bibi, epua mafuta. Kompyuta yangu iko chini ya kitanda cha Ciro. Imevimba na imepata moto. Nimeiharibu mimi, nimekuwa nikilala nayo kitandani, na nikaificha. Naomba twende sasa hivi."

Bibi Delfina alikiondoa kikaango motoni, akatembea haraka kuliko Nahiara alivyowahi kumwona akitembea, akamchukua Ciro pamoja na blanketi lake, akamkabidhi Nahiara.

"Mtoto kwanza," alisema. "Mpeleke kwa Mirta. Mwambie Mirta aje, wewe ubaki na Ciro kule."

Lakini Nahiara alimfikisha Ciro kwenye baraza la nyumba ya mwalimu, ng'ambo ya barabara, akapiga kelele mlangoni, na mara Mwalimu Mirta alipotokea akamwachia mtoto na kukimbia kurudi. Hakuweza kumwacha bibi peke yake. Alimkuta amekwisha kuuchomoa waya ukutani, amevaa glavu nene za kushikia kuni, amekwisha kuitoa pasi, na sasa anaisogeza kompyuta kwa mpini wa ufagio ili ipande kwenye sinia la chuma la kuokea. Bibi alimfokea asiingie. Nahiara akabaki mlangoni, akaushikilia uwe wazi.

Bibi alipita na sinia amelinyoosha mbele yake, kupitia jikoni hadi uani. Kulikuwa na lundo la mchanga ambao baba alikuwa ameuleta kwa ajili ya kuziba ukuta. Akaliweka sinia juu ya mchanga, mbali na banda la kuni, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kuipa kompyuta mgongo.

Mwalimu Mirta alifika akiwa amevaa ndara na sweta, nywele zimelowa. Alikuwa amemwacha Ciro kwa mumewe. Alipoona kile kifua cha chura akawashika wote wawili mabega, akawarudisha ndani ya mlango. Akawaambia mtu asiende karibu, hata kwa maji, na asivute hewa ile. Kisha akapiga simu kwa zimamoto.

Walikuwa bado wanasubiri waliposikia mlio kama wa birika linaloanza kuchemka. Moshi mweupe ukatoka kwenye ule ufa, kwanza uzi mwembamba, halafu wingu zima. Kitu kikapasuka. Mwali wa moto ukaruka juu, mrefu kama mtoto, ukafoka katikati ya mvua kana kwamba mvua haipo. Vitufe vya herufi vikayeyuka kimoja kimoja. Nahiara alitazama, na machoni pake hakuona kompyuta. Aliona kitanda, na shuka lililoteremshwa hadi sakafuni.

Akaketi kwenye kizingiti na kulia bila sauti.

Wazimamoto walikuja, wakamwagia mabaki maji mengi, wakakaa mpaka walipohakikisha hayawaki tena. Mmoja wao, mwanamke mrefu, alimweleza Nahiara kwa upole kwamba betri ya namna ile ikichoka au ikipata joto jingi hutengeneza hewa ndani yake na kuvimba. Inapovimba huinua kile kibao kutoka chini, ndiyo maana kishale kilikuwa kikitembea chenyewe: ni betri iliyokuwa ikikigusa kwa ndani. Kuigandamiza kwa kitu kizito, na kuichaji wakati huohuo, ndiko kulikomalizia. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba alifurahi kukuta nyumba imesimama.

Jioni ile, Ciro akiwa amerudishwa na kulazwa kitanda cha mama, Nahiara alibaki jikoni na bibi. Mikate ilikuwa imepoa. Alikuwa amekwisha kumweleza mama yote kuhusu blanketi, na mama alimkemea, kisha akamkumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikamuuma. Lilibaki jambo moja, na hilo hakuna aliyelijua. Hadithi ilikuwa imeungua. Angeweza kunyamaza.

"Bibi," alisema, "niliandika habari za Elvira. Nilikuahidi, na nikaandika. Kishale kilipoanza kutembea nilidhani ni yeye amekasirika."

Bibi Delfina alikizungusha kibuyu mkononi.

"Elvira hakuwahi kumtisha mtu," alisema hatimaye. "Alikuwa na miaka tisa, alipenda kuimba, na alikuwa mwoga wa radi. Kilichokutisha si yeye. Ni ile ahadi uliyoivunja. Mtu akiwa na jambo la kuficha, kila mlango ukilia anadhani unamwita jina."

Nahiara akauliza kama sasa anaweza kuiandika sehemu ile, kwa kuwa safari hii ameomba ruhusa. Bibi akatikisa kichwa. Alisema hapana, bado. Kuna huzuni ambayo mtu huitunza mwenyewe, na siku akiwa tayari kuitoa ataitoa kwa mkono wake. Nahiara akaona uchungu, lakini akakubali. Aliiandika hadithi upya kwa kalamu, kwenye karatasi, ng'ombe walioelea na cherehani kichwani na behewa lililonuka sufu, akamsomea bibi kila ukurasa kabla ya kugeukia mwingine. Haikuchaguliwa kusomwa siku ya sherehe. Ilichaguliwa ya msichana mwingine, ambaye babu yake alikuwa mfuga nyuki.

Siku ya pili baada ya moto, Mwalimu Mirta alikuwa amemwita Nahiara kabla ya kengele, akamwuliza kama yuko tayari kuwaeleza wenzake. Hakumlazimisha. Nahiara alisimama mbele ya darasa, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe, akaeleza tangu kielekezi kiliporuka mara ya kwanza hadi moto wa uani. Alitaja blanketi, alitaja pasi, na alitaja pia dirisha alilolifungua kabla ya kusema.

Ndipo mwalimu akawaomba wote waweke kompyuta zao juu ya madawati, zikiwa zimefungwa, wainame na kuzitazama kwa ubavu. Migongo ikainama, viti vikakwaruza sakafu.

Lautaro hakuinama. Alikuwa ameiacha kompyuta yake ndani ya mkoba. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "yangu haifungiki tangu mwezi uliopita. Huwa naifunga kwa mpira."

Mwalimu Mirta aliuchukua ule mkoba bila kuufungua, akaubeba nje hadi katikati ya uwanja mtupu wa michezo, mbali na kila kitu, akauacha hapo na kumwomba mlinzi asimruhusu mtu kuukaribia mpaka mafundi wafike. Aliporudi alimkuta Lautaro ameinamia dawati, na Nahiara amemwekea mkono mgongoni. Mwalimu hakwenda ubaoni. Aliketi juu ya dawati la mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawatazama mmoja mmoja.

"Leo sitamwadhibu mtu," alisema. "Kompyuta hizi ni za zamani, na betri zake zingechoka hata kama mngezitunza kama mayai. Joto la kitandani liliharakisha, basi msilale nazo, msizifunike, na msiziache kwenye chaji usiku kucha. Hayo ni ya mashine, mtayakumbuka. Nataka mkumbuke na haya ya watu. Mashine ilisema mapema. Ilisema kwa kuruka, ikasema kwa kutikisika, ikasema kwa kutofungika. Waliochelewa kusema ni wenye nazo, na walichelewa kwa sababu waliniogopa mimi kuliko walivyouogopa moto. Hilo ni kosa langu pia, nitalirekebisha. Mtu yeyote hapa akija kuniambia, 'Mwalimu, nimeharibu,' nitamsikiliza kwanza. Lakini nanyi mniahidi kitu kimoja. Mkiona jambo limeharibika, semeni lingali dogo. Kukaripiwa kunaisha jioni hiyohiyo. Kuna mambo mengine ambayo, yakishatokea, hakuna jioni inayoyamaliza."

Wakamwahidi. Kengele ya mapumziko ikalia, lakini kwa muda hakuna aliyeinuka. Kisha mtoto mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono, akasema ana jambo la kusema, si la kompyuta. Mwalimu Mirta akavuta kiti karibu naye, akaketi kumsikiliza.